Mikopo ya Nishati ya Benki za Maendeleo: Umeme Wetu, Deni Letu na Nyumba ya Wote

Tarehe 27 na 28 Januari 2025, wakuu wa nchi na serikali za Afrika walikutana katika Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Julius Nyerere, jijini Dar es Salaam, mahali panapofikika kwa miguu kutoka Mchafukoge na Kisutu. Ajenda yao ilikuwa nishati. Tangu Aprili 2024, Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zilikuwa zimetangaza dhamira ya kuwaunganishia umeme watu milioni 300 barani Afrika ifikapo mwaka 2030, dhamira inayojulikana kama Misheni 300. Barani humu watu wapatao milioni 600 wangali wanaishi bila umeme. Mwishoni mwa mkutano ule nchi 12, Tanzania ikiwa mojawapo, ziliwasilisha mipango yao ya kitaifa ya nishati, na viongozi wakapitisha Azimio la Dar es Salaam.

Kwa wengi wetu habari hii ilipita kama habari nyingine za mikutano ya wakubwa. Hata hivyo, inamgusa kila mwamini anayenunua uniti za LUKU, kila mama lishe anayenunua mkaa wa siku kwa kopo, na kila mfanyabiashara wa Kariakoo aliyewahi kuwasha jenereta mlangoni mwa duka lake wakati wa mgao wa umeme. Inamgusa pia mkazi wa Bonde la Msimbazi, ambaye kila masika hulitazama wingu kwa hofu. Nyuma ya umeme tunaoutumia, na nyuma ya ule tunaoahidiwa, kuna mikopo. Mikopo hiyo ndiyo inayoamua, kwa sehemu kubwa, kama tutazalisha umeme kwa maji, kwa gesi, kwa makaa ya mawe, kwa upepo au kwa jua. Kwa hiyo, tunapenda katika makala hii kueleza mikopo hiyo ni nini, imetufikisha wapi, na Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatualika kuitazama kwa jicho gani.

Benki za maendeleo za umma ni zipi?

Benki ya biashara, kama zile zilizojipanga katika mitaa ya katikati ya jiji letu, ni mali ya wanahisa wanaotafuta faida. Benki ya maendeleo ya umma ni mali ya serikali moja au ya serikali nyingi kwa pamoja, nayo imeanzishwa ili kugharimia kazi ambazo benki za biashara huziogopa: mabwawa, barabara, njia za kusafirisha umeme, maji safi. Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika yenye makao yake Abidjan ni za namna hiyo. Ndivyo zilivyo pia Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, Shirika la Maendeleo la Ufaransa na, hapa nyumbani, Benki ya Maendeleo TIB. Ziko pia benki za umma ambazo kazi yake ya kwanza ni kuendeleza biashara ya nchi zao nje ya mipaka, kama vile Benki ya Exim ya China na Benki ya Japani ya Ushirikiano wa Kimataifa.

Kwa jumla benki hizi duniani ni zaidi ya 450, na uwekezaji wao wa kila mwaka hukadiriwa kuwa kama asilimia 10 ya uwekezaji wote wa dunia. Nguvu yake, hata hivyo, inazidi hesabu hiyo. Benki ya maendeleo ikikubali kuukopesha mradi, wakopeshaji wengine hupata imani, maana wanajua kwamba mradi umechunguzwa na kwamba serikali itasita sana kuukimbia. Ikikataa, mara nyingi wengine nao hujiondoa. Sahihi yake ni kama sahihi ya mdhamini anayeheshimika mtaani.

Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 ulilitambua jambo hili. Mkataba huo unakumbukwa kwa lengo la kuzuia ongezeko la joto la dunia lisifikie nyuzi 2 za Selsiasi, huku juhudi zikifanyika lisizidi nyuzi 1.5. Wachache wanakumbuka kwamba kifungu kile kile cha pili kinataja lengo jingine, yaani kuufanya mtiririko wa fedha ulingane na njia ya kupunguza gesijoto na ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Kwa maneno mengine, nchi zilikiri kwamba ahadi ya mdomo haitoshi ikiwa fedha zinaelekea kwingine.

Kwa nini mkopo mmoja huamua hewa ya miaka thelathini

Mtambo wa kuzalisha umeme hujengwa ili ufanye kazi miaka 25, 30, hata 40. Mkopo wake hulipwa kwa miaka mingi, na mara nyingi huambatana na mkataba wa kuuziana umeme, ambamo shirika la umeme hulipa kila mwezi kwa sababu tu mtambo upo tayari, hata siku usipozalisha. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaelewa vizuri. Ukiisha kusaini mkataba wa pango wa miaka kumi kwa fremu moja, utalipa kodi ile ile hata wateja wakihamia mtaa mwingine. Vivyo hivyo nchi iliyojenga mtambo wa makaa ya mawe kwa mkopo haiwezi kuuzima kesho kwa kuwa umeme wa jua umeshuka bei. Deni linaulazimisha mtambo uendelee kuwaka, na hewa ukaa iendelee kupanda.

Liko jambo la pili lisilosemwa mara nyingi. Mtambo wa gesi au wa dizeli hugharimu kiasi fulani kuujenga, kisha mafuta yake hununuliwa kidogo kidogo kwa miaka yote. Umeme wa jua na wa upepo ni kinyume chake: jua halina bei, upepo hauna bei, lakini karibu gharama yote hulipwa mwanzoni. Kwa hiyo riba ndiyo inayoamua bei ya umeme huo. Shirika la Kimataifa la Nishati limeonyesha kwamba gharama ya kupata mtaji kwa ajili ya nishati safi barani Afrika ni mara mbili hadi tatu ya ile ya nchi tajiri. Jua linaloangaza Dodoma ni kali kuliko la Ujerumani, lakini mkopo wa kulivuna ni ghali zaidi Dodoma kuliko Ujerumani. Hapo ndipo benki ya umma, yenye uwezo wa kukopesha kwa riba ndogo na kwa muda mrefu, inapoweza kubadili hesabu nzima.

Historia yetu: kutoka maji hadi gesi

Tanzania ni mfano mzuri wa jinsi mikopo ilivyochora ramani ya nishati. Katika miaka ya 1970 mikopo ya nje, ikiwemo ya Benki ya Dunia, ilisaidia kujenga kituo cha Kidatu katika Mto Ruaha Mkuu, na baadaye likaja bwawa la Mtera. Umeme wetu ukawa umeme wa maji, safi kwa hewa lakini tegemezi kwa mvua. Ukame wa mwaka 2006 uliposhusha kina cha Mtera, jiji hili liliingia gizani, na milio ya majenereta ikajaa mitaa ya Kariakoo.

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, mkoani Lindi, mwaka 1974. Kwa miaka karibu 30 ilibaki chini ya ardhi, kwa sehemu kubwa kwa kukosa mtu wa kugharimia kuitoa. Ilikuwa mikopo ya Benki ya Dunia na ya Benki ya Uwekezaji ya Ulaya iliyowezesha bomba la zaidi ya kilomita 200 kujengwa hadi Ubungo, na gesi ikaanza kuwasha mitambo yetu mwaka 2004. Kisha likafuata bomba kubwa kutoka Mtwara, lililogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China wa takriban dola bilioni 1.2 na kuzinduliwa Oktoba 2015. Mitambo ya Kinyerezi II ikajengwa kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilitoka Benki ya Japani ya Ushirikiano wa Kimataifa, nayo ikazinduliwa mwaka 2018.

Tuseme ukweli wote. Gesi hii iliokoa viwanda, hospitali na maduka. Ilichukua nafasi ya dizeli iliyokuwa ghali na chafu zaidi. Gesi ikichomwa kuzalisha umeme hutoa karibu nusu ya hewa ukaa inayotolewa na makaa ya mawe. Lakini nusu si sifuri. Tena, gesi inayovuja kabla ya kuchomwa ni methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hulipasha joto anga zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Wema wa gesi, basi, hutegemea imechukua nafasi ya nini, na inazuia nini kisijengwe baada yake.

Benki zilipobadili msimamo

Mwaka 2010 Benki ya Dunia iliikopesha Afrika Kusini dola bilioni 3.75, sehemu kubwa zikiwa za kujenga kituo cha Medupi, mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 4,800. Mkopo ule ulizua malalamiko mengi duniani. Mwaka 2013 benki hiyo ikapunguza sana mikopo ya makaa ya mawe. Desemba 2017 ikatangaza kwamba baada ya mwaka 2019 haitagharimia tena utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi, isipokuwa kwa nadra katika nchi maskini zaidi. Novemba 2019 Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ile ile iliyokopesha kwa ajili ya Songo Songo, iliamua kwamba mwishoni mwa mwaka 2021 itaacha kugharimia nishati ya kisukuku. Septemba 2021 China nayo iliahidi kutojenga mitambo mipya ya makaa ya mawe nje ya nchi yake.

Matokeo yake yalionekana jirani. Huko Lamu, nchini Kenya, kulikuwa na mpango wa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wakazi walikwenda kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka huo huo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitaugharimia. Wakati huo huo Kenya ilikuwa imepata mikopo ya benki hizo hizo kwa ajili ya mvuke wa ardhini wa Olkaria na kwa ajili ya mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310.

Hata hivyo, benki moja ikifunga mlango, mradi hutafuta mlango mwingine. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Uganda hadi Chongoleani mkoani Tanga, limekataliwa na benki nyingi za biashara za Ulaya na Marekani, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitamka kwamba haimo. Ujenzi umeendelea kwa fedha za wanahisa wenyewe, na Machi 2025 ilitangazwa awamu ya kwanza ya mikopo kutoka kundi la wakopeshaji likiwemo Afreximbank, ambayo nayo ni taasisi ya Kiafrika yenye serikali miongoni mwa wamiliki wake. Ndiyo kusema kwamba sera ya benki moja hupunguza hatari, lakini haiiondoi ikiwa wengine hawafuati. Wakati mwingine humwacha mkopaji na masharti magumu zaidi.

Je, ni haki kumwambia maskini asubiri?

Hapa tunafika penye mgogoro wa dhamiri, na hatupaswi kuukwepa. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati, hewa ukaa yote itokanayo na nishati ambayo Afrika imewahi kuitoa ni chini ya asilimia 3 ya ile ya dunia nzima. Shirika hilo lilikadiria mwaka 2022 kwamba, hata kama gesi yote iliyokwisha kugunduliwa Afrika ingechimbwa na kutumiwa kwa miaka 30, fungu hilo lingefika takriban asilimia 3.5 tu. Nchi zilizotajirika kwa makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya karne moja zina ujasiri gani wa kumfungia mlango anayetafuta balbu ya kwanza?

Swali hilo ni la haki. Lakini liko swali lingine la haki. Mvua zinazozidi na ukame unaorefuka haziulizi nani alitoa moshi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu jijini, na wengi wakapoteza makazi katika bonde la Msimbazi, ng'ambo tu ya Kariakoo. Jangwani imefurika mara nyingi tangu wakati huo, na mabasi ya mwendokasi yamesimama kwa sababu kituo chake kilikuwa majini. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza bonde hilo, na Hispania na Uholanzi zikachangia. Mafuriko hayo yana sababu zake za hapa hapa: ujenzi holela, takataka, misitu iliyokatwa Pugu na Kisarawe. Lakini joto la dunia huyaongezea nguvu. Tunajikuta, basi, tunakopa ili kupata umeme, na tunakopa tena ili kujikinga na madhara ya jinsi dunia ilivyopata umeme wake. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Katika jambo hili, waliosherehekea harusi na wanaolipa matanga si watu wale wale.

Deni lenyewe huhesabiwa kwa fedha za kigeni, na anayelipa huvuna shilingi. Muagizaji wa bidhaa wa Kariakoo anajua maana ya dola kupanda usiku mmoja. Ikiwa mradi hauleti umeme wa kutosha, au unaleta umeme usio na njia ya kusafirishwa, deni halisubiri. Kule Turkana mitambo ya upepo ilikuwa tayari mwaka 2017, ikangoja zaidi ya mwaka mmoja njia ya kusafirisha umeme, na Wakenya wakabebeshwa gharama ya ucheleweshaji.

Nishati safi nayo ina majeraha yake

Itakuwa makosa kudhani kwamba kila mkopo wenye jina la nishati safi ni mwema. Katika Milima ya Udzungwa, kituo cha Kihansi cha megawati 180 kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia na wakopeshaji wa Ulaya. Mwaka 1996, ujenzi ukiendelea, aligunduliwa chura mdogo ambaye hakuwa akiishi mahali pengine popote duniani, isipokuwa kwenye manyunyu ya maporomoko yale. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakoma. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliosalia walikuwa wamechukuliwa mapema na kutunzwa katika bustani za wanyama nchini Marekani, na baadaye baadhi yao walirudishwa. Mikopo mingine ikahitajika kujaribu kuponya jeraha ambalo uchunguzi wa mwanzo haukuliona.

Huko Olkaria, wafugaji wa Kimasai waliohamishwa kwa ajili ya umeme wa mvuke walipeleka malalamiko mwaka 2014 kwa Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Usuluhishi ukafanyika, na makubaliano yakapatikana mwaka 2016. Hapa kwetu, bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza uliingizwa kwenye gridi ya Taifa Februari 2024. Limejengwa kwa fedha za Serikali, kwa zaidi ya shilingi trilioni 6. Limekuwa nguzo ya umeme wa Taifa, lakini limejengwa ndani ya eneo la Selous, lililokuwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1982, na wataalamu wengi wa uhifadhi walionya juu yake. Hata umeme usio na moshi unadai tuulize nani na nini vimelipia.

Jiko ndilo lililosahauliwa

Tunapozungumzia nishati, mawazo hukimbilia nyaya na mabwawa. Lakini kwa familia nyingi za jiji letu nishati ya kwanza ni ile ya kupikia, nayo ni mkaa. Magunia yanayoshushwa usiku katika masoko yetu ni misitu ya Pwani, Morogoro na Tanga iliyogeuzwa majivu, na moshi wake unaingia katika mapafu ya mama na mtoto. Kwa miaka mingi benki za maendeleo ziliupa mtambo mmoja mkubwa fedha nyingi kuliko majiko ya nchi nzima, kwa sababu ni rahisi kusimamia mkopo mmoja mkubwa kuliko mikopo midogo milioni moja.

Hali imeanza kubadilika. Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mwezi huo huo, katika mkutano wa Paris ambao Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wake, Benki ya Maendeleo ya Afrika iliahidi dola bilioni 2 kwa miaka 10. Gesi ya mitungi itachukua sehemu kubwa ya kazi hii, nayo ni nishati ya kisukuku. Lakini mtungi unaomwokoa mama na moshi na kuuokoa msitu hauwezi kuwekwa katika kapu moja na mtambo mpya wa makaa ya mawe. Busara ya Kikristo ni kupima, wala si kukariri.

Mwanga wa Mafundisho Jamii ya Kanisa

Katika Waraka wa Kitume Laudato si', uliotolewa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha mambo mawili ambayo mara nyingi watu hulichukua moja na kuliacha jingine. Alifundisha, katika aya ya 165, kwamba teknolojia inayotegemea nishati ya kisukuku, makaa ya mawe kwanza kabisa, kisha mafuta na kwa kiwango kidogo gesi, inapaswa kuachwa hatua kwa hatua bila kuchelewa. Alifundisha pia, katika aya ya 172, kwamba kwa nchi maskini kipaumbele ni kuondoa ufukara na kuinua hali ya watu wao, na kwamba zinahitaji msaada wa nchi tajiri ili kufikia nishati iliyo safi. Akaongeza, katika aya ya 51, kwamba kuna deni la kiikolojia ambalo Kaskazini ya dunia inadaiwa na Kusini. Katika Wosia wa Kitume Laudate Deum wa Oktoba 2023 alirudi kusikitikia ahadi zisizotekelezwa, na katika Hati ya kutangaza Jubilei ya mwaka 2025 aliziomba nchi tajiri zisamehe madeni ya nchi zisizoweza kuyalipa.

Tarehe 1 Julai 2025 mashirikisho ya mabaraza ya maaskofu wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini yalitoa kwa sauti moja wito wa haki ya tabianchi kabla ya mkutano wa COP30 huko Belém, Brazil. Wito huo unadai nchi tajiri zilipe deni lao la kiikolojia, na upanuzi wa nishati ya kisukuku ukome. Sauti hii haikutoka kwa walioshiba. Ilitoka katika makanisa ya nchi maskini yenyewe.

Kutokana na mafundisho hayo tunapata vipimo vinne vya mkopo wowote wa nishati. Kwanza, mafao ya wengi: je, umeme utamfikia asiyekuwa nao, au utaishia mgodini na bandarini? Pili, kizazi kijacho: je, watoto wetu watalipa deni la mtambo ambao dunia itakuwa imekwisha kuuacha? Tatu, ushirikishwaji: je, waliohamishwa walisikilizwa kabla ya sahihi kuwekwa? Nne, haki kati ya mataifa: je, aliyechafua zaidi anabeba mzigo mkubwa zaidi, kwa ruzuku na riba nafuu, au anamkopesha mwathirika kwa faida? Kristo mwenyewe, katika Injili ya Luka 14:28-30, alitumia mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara na kumsifu anayekaa kwanza na kuhesabu gharama. Gharama za leo zinajumuisha hewa, maji na misitu.

Tunaweza kufanya nini?

Mwamini wa kawaida hawezi kuketi kwenye bodi ya Benki ya Dunia. Lakini nchi yake ni mwanahisa, na mikopo husainiwa kwa jina lake.

Njia ya kwanza ni kuuliza. Benki hizi huchapisha katika mitandao yao nyaraka za miradi, tathmini za mazingira na masharti ya mikopo. Vijana wetu wenye elimu wanaweza kuzisoma na kuzieleza kwa lugha nyepesi katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua nafasi ya wananchi katika tathmini ya athari kwa mazingira, na EWURA hukusanya maoni ya umma kabla ya kupanga bei za nishati. Mara nyingi viti vya wananchi katika vikao hivyo hubaki vitupu.

Njia ya pili ni kujua kwamba malalamiko yana mahali pa kwenda. Benki ya Dunia ina Jopo la Ukaguzi tangu mwaka 1993, na benki nyingine zina vyombo vya namna hiyo. Wananchi wa Uganda walilitumia jopo hilo mwaka 2001 na tena mwaka 2007 kuhusu bwawa la Bujagali, na wafugaji wa Olkaria walifika mpaka kwenye makubaliano.

Njia ya tatu ni kusema pamoja. Mwaka 2012 kamati ya pamoja ya viongozi wa dini nchini, ikiunganisha Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, BAKWATA na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ilitoa utafiti juu ya mapato ya Taifa yanayopotea, na mjadala wa nchi ukasikika tofauti. Mikopo ya nishati inastahili uangalizi wa namna hiyo.

Njia ya nne iko mikononi mwetu kabisa. Parokia nyingi zina SACCOS. Chama cha akiba na mikopo cha parokia ni benki ya maendeleo ndogo: kinaweza kumkopesha mama lishe jiko banifu au mtungi wa gesi kwa riba anayoiweza, na kumwezesha fundi kijana kununua paneli za jua. Kipimo tunachowawekea wakopeshaji wakubwa tukianze kwetu, kwa kumuuliza kila anayekopa mkopo wake utamsaidia nani na utamgharimu nani.

Ifikapo mwaka 2030 tutaulizwa ni nyumba ngapi zimewaka taa. Swali hilo ni jema, na tunaomba jibu lake liwe kubwa. Lakini watakaokuja baada yetu, watakapokuwa wakilipa awamu za mwisho za mikopo inayosainiwa leo, watauliza pia kama tuliwaachia mvua zinazokuja kwa wakati wake, misitu iliyosimama na deni linalolipika. Tuwasihi viongozi wetu waweke maswali yote mawili juu ya meza moja, nasi tuwasindikize kwa sala, kwa elimu na kwa macho yaliyo wazi.